Makasri ya Wiki Moja

Mwezi uliopita mfanyakazi mwenzangu aliniuliza ampeleke mama yake, anayekuja London kwa siku nne tu, kwenye makasri gani. Alikuwa ameandika orodha ya majumba sita na alitaka kubakiza mawili. Aliniuliza mimi kwa sababu nimekulia hapa, na watu wa ofisini wanaamini kila aliyekulia hapa amekunywa chai na malkia. Nilimjibu kwa ukali ambao hata mimi ulinishangaza. Nilimwambia amwache mama wa watu akae kitako, apumzike. Yule kijana akaomba radhi, na mimi nikaenda jikoni kuosha kikombe kilichokuwa safi.

Sikumweleza kwamba mimi niliwahi kupewa kazi hiyo hiyo, nikiwa na miaka tisa, na kwamba niliifanya kwa bidii kuliko kazi yoyote ya skuli.

Tulikuwa tukikaa Hounslow, ghorofa ya pili, chini ya njia ya ndege. Ndege zilipita juu yetu kila baada ya dakika mbili tatu, na sisi tulijifunza kukata maneno katikati, kusubiri ipite, kisha kuendelea pale tulipoachia. Baba alikuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege. Mama alikuwa akiwatunza wazee wa Kizungu majumbani mwao. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee, na kama watoto wengi wa rika letu waliolelewa huku, nilielewa kila neno la Kiswahili lililosemwa ndani ya nyumba lakini nilijibu kwa Kiingereza. Wazazi wangu, kwa kuwa hawakunisikia nikikisema, walijiaminisha kwamba nakielewa nusu tu. Wazazi wana mambo yao.

Bibi, mama yake Baba, alikuja Mei moja, wakati skuli zimefungwa kwa wiki. Alitoka Unguja kwa siku tisa tu. Babu alikuwa na presha na miguu inamvimba, na Bibi hakutaka kumwacha, lakini Babu mwenyewe alimfukuza: nenda ukamwone mjukuu wako, siku tisa sitakufa. Hayo Bibi alitusimulia siku ile ile aliyofika, Ijumaa, akicheka, huku anafungua sanduku lililojaa pilipili manga na achari iliyovuja kwenye kanga zake zote. Fleti nzima ilinukia achari mpaka alipoondoka, na hata baada ya hapo.

Nilimpenda kuliko nilivyotarajia. Bibi hakujua Kiingereza, kwa hiyo kwake ilibidi nikiseme Kiswahili, kibovu hivyo hivyo, na yeye hakunicheka. Nilikuwa mkalimani wake. Nilimsomea mabango ya barabarani, maandishi ya kwenye pakiti za biskuti, majina ya vituo. Maisha yangu yote nilikuwa mtoto wa kuambiwa nyamaza Mama anasikiliza simu, na ghafla kukawa na mtu mzima asiyeweza kununua hata maziwa bila mimi.

Jumamosi Baba aliniletea vipeperushi vinne vya makasri alivyochukua maktaba. "Nina likizo siku mbili tu," alisema. "Wewe unajua kusoma, mchagulie bibi yako mawili." Nilivitandaza sakafuni na kumsomea Bibi kimoja kimoja. Kulikuwa na Tower, na Kensington, na jumba la malkia mwenyewe pale Buckingham, na kasri la Hampton Court lenye bustani na mabomba ya moshi ya matofali mekundu. Bibi aliuliza maswali ambayo vipeperushi havikuwa na majibu yake. Mwenye nyumba yupo? Ana watoto? Tukienda tumchukulie nini? Kwake yeye huendi nyumba ya mtu mikono mitupu, sembuse ya mfalme.

"Hampton Court ni lazima," Baba alisema. "Salma anafanya kazi mkahawa wa nje ya geti. Utamwona."

Salma alikuwa jirani yake Bibi kule mtaa wa Ng'ambo, Unguja, miaka mingi. Bibi akapiga makofi. Kasri la kwanza likawa limechaguliwa.

Jumatatu asubuhi simu ililia kabla sijaamka vizuri. Nilisikia Baba akisema ndiyo, ndiyo, saa ngapi, ndiyo. Kisha ndege ikapita. Bibi alikuwa amelala chumbani kwangu na mimi nililala kochini sebuleni, nimejifunika gubigubi, na ukuta wa kwenda jikoni ulikuwa mwembamba kama kadi.

"Lazima umwambie," Mama alisema.

"Hapana."

"Ni haki yake."

"Akijua hapa, atakaa hapa hapa. Miezi minne na siku kumi, ndani ya chumba kile. Nani wa kukaa naye? Mimi kazini, wewe kazini. Kwao kuna watu mia wanamsubiri wamshike. Jumapili anaondoka. Mwache afike kwao."

"Na watu watakaopiga simu?"

"Nitaichomoa. Wewe waambie wote kashaondoka. Hasa Salma. Salma mdomo wake hauna kufuli."

Nyinyi mnaosoma mmeshaelewa. Babu alikuwa amefariki alfajiri ile, na kabla ya adhuhuri angekuwa keshazikwa. Mjane hukaa eda, hatoki ndani, hajipambi, miezi minne na siku kumi. Baba alikuwa anafanya jambo ambalo watu wetu wamelifanya tangu enzi: habari ya msiba haimfuati msafiri njiani, inamngoja nyumbani, penye mikono ya kumpokea.

Mimi sikujua eda ni nini. Nilichosikia chini ya shuka langu ni kwamba kuna kitu ambacho Bibi akikijua, hataondoka Jumapili. Atakaa. Miezi minne!

Nilipoinuka nikaenda kwenye vipeperushi vyangu, vikawa vitatu. Cha Hampton Court hakikuwapo. Nilikiona baadaye juu ya friji, kimekunjwa na kusukumwa nyuma ya boksi la unga.

Akili ya mtoto wa miaka tisa hufunga hesabu haraka. Kuna kitu wanamficha. Wamelificha kasri. Basi kitu chenyewe kimo ndani ya kasri. Lazima ni jumba zuri kupita kiasi, zuri mpaka mtu akiliona hataki tena kurudi kwao, na wazazi wangu, kwa uchoyo wa nafasi katika fleti yetu ndogo, hawataki Bibi alione. Niliwachukia kidogo siku ile. Nawaambia ukweli.

Siku mbili za likizo zikageuka kuwa wiki nzima. Baba aliomba ruhusa kazini, na kila asubuhi, kabla chai haijapoa, kabla mtu wa nyumbani hajabisha hodi, tulikuwa mlangoni. Haya, viatu. Haya, twende. Jumanne Tower. Bibi alisimama kwenye lango kubwa la mawe, kati ya watalii waliomsukuma huku na huku, akasema kwa sauti, "Hodi!" Akasubiri. Aliposikia hakuna jibu akasema mara ya pili, na ya tatu, kisha akaniambia kwa kawaida mtu akibisha hodi mara tatu bila kujibiwa hurudi zake. Baba akamshika mkono akamwingiza. Vito vya wafalme havikumshughulisha. Kilichomshangaza ni kunguru. "Kwetu tunawapiga mawe," alisema, "hapa wana mtumishi wa kuwalisha nyama!" Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Nipige picha nao hawa," alimwambia Baba. "Nikamwoneshe baba'ako. Bila picha hataamini."

Baba akainua kamera. Alichelewa sana kubonyeza, na mimi nikamwambia kwa Kiingereza afanye haraka, Bibi anachoka kusimama.

Jumatano Kensington, Alhamisi Buckingham, ambako tuliishia kushika vyuma vya geti. Kila mahali Bibi alijitengeneza mtandio wake wa manjano na kusema, hapa pia, hapa kwa ajili ya Mzee, na Baba akapiga. Nakumbuka wiki ile kama miguu inayouma. Tulibadilisha treni kabla hatujakaa vizuri. Tulikula vitumbua kwenye ngazi za majengo tukiwa tumesimama nusu. Mara Baba alituambia tunaelekea magharibi, tulipofika jukwaani akasema hapana, mashariki, kwa sababu alikuwa amewaona wanawake wawili wenye buibui waliokuwa wakitusogelea, watu wa nyumbani pengine. Mama alijiunga nasi baada ya kazi, macho mekundu, akasema ni mafua. Bibi ndiye pekee aliyekuwa ametulia. Jioni alinyoosha miguu na kusema, "Mwanangu amepata kazi nzuri huku. Wiki nzima anatembea na mama yake."

Nami pia sikutulia. Siku zilikuwa zinakwisha na kasri letu lilikuwa bado juu ya friji.

Alhamisi jioni, Baba akiwa bafuni, nilipanda kiti nikakichukua. Nilikiweka mapajani mwa Bibi. "Hili bado," nilimwambia. "Ndilo zuri kuliko yote. Baba amelificha."

Bibi alizitazama yale mabomba mekundu ya moshi. "Si ndiko kwa Salma huku?"

Baba alipotoka alimkuta amekishika. "Mbona huku hatukwenda?" Bibi aliuliza.

"Ni mbali, Mama. Utachoka."

"Nimetoka Unguja mie. Hapo ndipo patakuwa mbali?"

"Ni basi moja tu," nilisema, kwa Kiswahili, wazi, kila silabi mahali pake. "Halibadilishwi."

Baba alinitazama. Nadhani ni siku ile aliyojua kwamba naelewa, lakini hakujua nimeelewa nini. Alikwenda jikoni, nikamsikia akimwambia Mama kwamba Ijumaa Salma hayuko kazini, hufanya kazi mwisho wa wiki, basi na iwe, la sivyo mama yake atashuku. Nililala kwa furaha.

Ijumaa ilikuwa na jua, na Mama hakuwa na zamu. Nilitembea mbele yao wote katika vyumba vile vya mbao nyeusi vinavyonuka nta, nikigeuka kila hatua tatu kumtazama Bibi usoni. Nilingoja ajue. Katika ukumbi mkubwa wenye dari la kuchongwa nilimwuliza, "Unapapenda?" Akasema panapendeza. Jikoni kwa mfalme, penye meko ya kuchoma ng'ombe mzima, nilimwuliza tena. Akasema wapishi walipata taabu. Bustanini nilimwuliza mara ya tatu, karibu nalia, kama angetaka kukaa hapa. Alinishika kidevu. "Nina mume, mama'angu," alisema. "Anakula kwa mkono wangu tu."

Tulitoka saa nane. Baba alikuwa amelegea kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, hata alitania kuhusu miguu ya Mama. Tulikuwa tunavuka barabara kuelekea kituo cha basi mwanamke mmoja aliyefunga aproni alipotoka mbio mlango wa mkahawa, akiita jina la Bibi.

"Bi Zuwena! Bi Zuwena!"

Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake. Hicho tu. Mtu mmoja alikuwa na miadi ya meno, na Bi Salma akamshikia siku.

Walikumbatiana. Bibi alicheka. Bi Salma hakucheka. Alirudi nyuma hatua moja, akautazama ule mtandio wa manjano, bangili, wanja, kipeperushi mkononi.

"Niliambiwa umeondoka tangu Jumatatu," alisema. "Mbona uko nje, mwenzangu? Na eda?"

"Eda ya nani?" Bibi aliuliza, bado anatabasamu.

Bi Salma alijiziba mdomo kwa aproni. Bibi alimgeukia Mama, na Mama akatazama chini. Alimgeukia Baba. Sijui aliona nini, kwa sababu mimi nilikuwa chini yao wote na nilichokiona ni mkono wa Bibi tu, ukitafuta kitu cha kushika, ukalikuta bega langu.

Ndani ya basi alivua bangili moja moja akaniwekea mapajani. Alijifuta wanja kwa ncha ya mtandio. Hakulia. Alisema mara moja tu, akitazama nje kwenye maduka, bila kumgeukia yeyote kati yetu, "Mmenitembeza nimevaa manjano."

Jumapili hakuondoka. Simu ilichomekwa tena, zikapigwa simu Unguja, na shehe wa Unguja akasema hapana ubaya, arudi akamalizie kwake. Baba alimsihi kupitia mlangoni. Bibi alijibu kupitia kwa Mama kwamba habari imemkuta nyumba hii, na nyumba hii ndipo atakapokaa. Alijifunga kitambaa cheupe, akakaa juu ya mkeka chumbani kwangu, pazia limeshushwa, chini ya picha zangu za farasi, na tasbihi mkononi.

Nilipata nilichokitaka. Nilitandikiwa godoro miguuni pake, na nilikuwa naye kila siku baada ya skuli. Nilimletea chai, nikamsomea barua, nikamkanda miguu. Lakini ndani ya nyumba mlikuwa na jambo ambalo sikulichagua: Bibi hakusema na Baba. Kila jioni, akirudi kazini, Baba alisimama mlangoni bila kuvuka kizingiti. "Shikamoo, Mama." Bibi aliendelea na tasbihi yake. Baba alisubiri kidogo, akaenda kula peke yake. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baba alikonda. Alianza kuomba zamu za ziada ili asiwepo, na akiwepo hakukaa. Alizunguka kutoka dirishani hadi jikoni, jikoni hadi dirishani.

Siku moja sikuweza tena. Nilikuwa namkanda kisigino, nikasema bila kuinua uso, "Ni mimi niliyechagua."

"Umechagua nini?"

Nikamweleza yote. Simu, ukuta, friji, kasri zuri lisilokuwapo. Kiswahili changu kilikatikakatika na sikujua maneno mengi, lakini nilifika mwisho. "Walisema ukijua utakaa. Nilitaka ukae."

Bibi aliweka tasbihi chini. Nilidhani atanifukuza.

"Nimekaa," alisema. Kisha, "Baba'ako aliyasema hayo siku gani?"

"Jumatatu. Asubuhi, ulipokuwa umelala."

Akahesabu kwa vidole. "Jumatatu. Jumanne kunguru. Jumatano. Alhamisi yale mageti. Ijumaa." Akarudia tena tangu mwanzo, polepole zaidi. "Na picha zote zile yeye ndiye aliyepiga."

"Ndiyo."

"Alilia?"

Nilifikiri. Nilitaka kumpa jibu zuri, lakini nilikuwa nimechoka na uongo. "Sijamwona akilia."

"Tangu siku ile hata leo?"

"Hata leo."

Akaitoa mikono yangu miguuni pake, akajifunika.

Jioni Baba alikuja na koti lake la rangi ya kung'aa, ananuka mafuta ya ndege. Akasimama pale pale mlangoni. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba," Bibi alisema. "Ingia."

Baba hakuelewa. Ilibidi amwambie mara ya pili. Aliingia, akapiga magoti ukingoni mwa mkeka kama mtu anayeogopa kuuchafua.

"Baba'ako amekufa," Bibi alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Nani alikupa pole?"

Baba alilifikiria swali lile kwa uaminifu, kama alivyofikiria kila kitu, nikaona macho yake yakienda huku na huku yakiwatafuta watu. Wiki ile ya kwanza watu walikuwa wameambiwa Bibi kashaondoka, basi hawakuja. Waliokuja baadaye walikuja kwa mjane, wakapitiliza chumbani, wakamwachia yeye viatu vyao mlangoni. Mama alikuwa ametunza siri pamoja naye, na siri haina nafasi ya rambirambi.

"Hakuna," alisema.

Mpaka dakika ile nilikuwa najua Bibi amefiwa na mume. Wiki nne nzima, naishi naye nyumba moja, sikuwahi kufikiria kwamba Baba amefiwa na baba.

Bibi alinigeukia. "Kampe baba'ako pole. Kwa mkono, kama mtu mzima."

Nilisimama. Nilivuka mkeka nikampa mkono kama nilivyowaona wageni wakimpa Bibi. "Pole, Baba," nilimwambia.

Alikishika kiganja changu kwa mikono yake miwili, ile mikubwa ya kubebea masanduku ya watu. Alinijibu kama mtu anavyomjibu mtu mzima mwenzake.

"Tushapoa," alisema, kisha akaangusha kichwa mapajani mwa mama yake, na ndege mbili zikapita juu yetu, na ya tatu, na alikuwa bado hajanyamaza.